Ukuta Mkavu wa Masika

Mimi huuza leso Biashara Street, kama alivyouza baba yangu na babu yangu kabla yake. Mke wangu hufunza mambo ya redio na mawasiliano katika chuo kimoja hapa kisiwani. Watu wakisikia hivyo hunitazama kama wanaotaka kuniuliza jambo, kisha wakaona haya. Kwa miaka mingi mtazamo huo haukunigusa. Yeye alikuwa na kazi yake, mimi nina yangu, na jioni tulikutana nyumbani, mtaa wa Kuze, tukala, tukazungumza habari za watoto na za mama yangu anayeishi nasi. Wivu ulinijia nikiwa mtu mzima mwenye mvi kidevuni, wakati nilipodhani kuwa maradhi hayo ni ya vijana.

Mambo yalianza na nyufa. Nyumba zetu za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na nyingi zimechoka. Ukuta unaweza kukaa vizazi na vizazi bila neno, kisha jirani akachimba, au bomba likavuja chini yake, ukaanza kusogea kidogo kidogo na hakuna anayejua. Mke wangu na wenzake wa chuoni walipata msaada wa kufunga vihisi kwenye kuta za mtaa wetu, kwa kila mwenye nyumba aliyeridhia. Kihisi ni kisanduku cha plastiki chenye ukubwa wa pakiti ya kiberiti. Ndani mna betri na redio ndogo. Hupima kama ufa umepanuka, kama ukuta umeinama, una unyevu kiasi gani na joto gani, kisha hutuma habari hiyo kwa kihisi cha nyumba ya jirani, nacho kwa kingine, bila waya, mpaka ifike kwenye mtambo mkuu wa kupokea. Mtambo huo uliwekwa juu ya nyumba yetu kwa kuwa ndiyo ndefu kuliko zote katika kichochoro chetu. Nilikubali kwa moyo mkunjufu. Sikufahamu kuwa pamoja na mtambo nimemkubali na mtu wa kuuhudumia.

Mtu huyo alikuwa mwenzake wa kazi, kijana wa Rabai, Mkristo, mwembamba, mwenye sauti ya chini isiyopanda hata akifurahi. Jumapili aliimba kwaya huko kwao, na siku nyingine zote, kwa nilivyoona mimi, alikuwa kwetu. Alikuja kubadilisha betri. Alikuja kuinua antena iliyoangushwa na upepo. Alikuja kwa sababu kihisi kimoja kimenyamaza na kingine kimezidi maneno. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akamwamkia mama yangu kwa adabu kuliko wapwa zangu, na Ramadhani hakukubali kunywa hata maji nyumbani kwetu, ingawa mama mwenyewe alimwambia haimlazimu. Ningempata na kosa moja tu ningepumzika.

"Yuwaja leo yule mwanangu wa Rabai?" mama aliniuliza asubuhi moja, akikoroga mbaazi.

"Mwanao ni mimi, mama."

"Wewe wauza leso," akasema. "Yeye hunitengezea simu yangu."

Kilichoniuma hakikuwa jambo la kumshitakia mtu. Hawakuwahi kukaa faragha. Mlango wa juu ulikuwa wazi na watoto walipanda na kushuka. Kilichoniuma ni maneno. Mke wangu alianza kusema kitu, yeye akakimaliza. Yeye alitaja jambo kwa neno moja, mke wangu akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kile nilichokijua miaka ya mwanzo ya ndoa yetu, kinachomtoka kabla hajapata kukizuia. Nami nimekaa chini ngazini, najifanya nasoma gazeti, nasikia Kiswahili ambacho kila neno lake nalijua na maana yake siipati. Duka langu limejaa leso zenye maneno ya watu wenye wivu, za kila rangi. Mwanamke akichomwa hununua yake, akajifunga, na mtaa mzima ukasoma. Mwanamume hana vazi la namna hiyo.

Nikaamua kujifunza.

"Nifunze hicho mnachokifanya huko juu," nilimwambia alasiri moja tukinywa chai.

Alinitazama aone kama namfanyia mzaha. "Chote?"

"Kile kinachokuchekesha."

Akaweka kikombe chini. "Haya. Mwezi wa Ramadhani mama akimpelekea futari shangazi yako, hatutoki sisi wenyewe. Tunampa jirani, jirani anampa mtoto wake, mtoto anampa yule bibi wa kona, mpaka sahani inafika. Habari za kuta zaenda hivyo hivyo. Sasa niambie wewe, nani anaweza kuiharibu sahani hiyo njiani?"

Nikafikiri. "Aliye njiani akila nusu."

"Yupo huyo. Kihisi kilichotekwa. Chapokea habari za wenzake, baadhi chazipitisha na baadhi chazitupa. Mwingine?"

"Anayedai yeye ndiye jirani wa karibu kuliko wote, ili sahani zote zipite kwake."

"Huyo ndiye mbaya." Macho yake yalikuwa yameanza kung'aa. "Ajitangaza ana njia fupi, wote wamwamini, naye azimeza zote. Mwingine?"

Sikupata mwingine. Akaniambia wapo wengi. Kuna anayepiga kelele hewani mpaka vihisi visisikilizane. Kuna anayejitia majina mengi ili mtu mmoja aonekane umati. Kuna anayeviamsha vihisi kila mara kwa maswali ya uongo, mpaka betri zife kwa uchovu. Ndiyo sababu, alisema, kufunga vihisi ni kazi ndogo, na kuvilinda ndiyo kazi yenyewe. Kila kimoja walikipa ufunguo wa siri, ili ujumbe wa mgeni ukataliwe mlangoni. Tena waliijua tabia ya kila kihisi, hutuma mara ngapi, husikika kwa nguvu gani, ili kikibadilika waulize kulikoni.

"Na nani atataka kuzishambulia kuta za wazee wetu?" nilimuuliza.

"Hatujui. Ukishajua umechelewa."

Ilikuwa alasiri njema. Nilihisi nimepewa kiti katika chumba nilichokuwa nachungulia dirishani. Kisha simu yake ikalia, na kwa jinsi alivyoichukua upesi nilijua ni nani.

"Samahani kidogo, baba watoto," akasema, akapanda juu. Chai yake ikapoa. Niliinywa mimi.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuwa akikaa peke yake vichochoro viwili kutoka kwetu, katika nyumba ya ghorofa moja aliyoachiwa na mumewe. Nyuma yake palikuwa na kiwanja ambacho nyumba iliyokuwapo ilianguka zamani, kikabaki cha paka na watoto. Kikanunuliwa, kikazungushiwa mabati, na mtambo wa kuchimba msingi ukaingia. Vikombe vya shangazi vilitetemeka kabatini mchana kutwa. Watu wa mtaa walilalamika, mkandarasi akajibu kuwa anafuata vibali vyake. Ukuta wa shangazi unaotazama kiwanja ulikuwa na ufa wa siku nyingi, na kihisi kimoja cha mke wangu kilikuwa hapo, kwa nje, juu kidogo ya ufa. Kabla ya hapo shangazi alikuwa na desturi ya kuupitisha ukucha kwenye ufa ule kila asubuhi, aone kama umekula zaidi. Alipofungiwa kihisi aliiacha desturi hiyo. Simu yake, iliyopokea habari za kihisi, ilikuwa na alama ya kijani, na kijani maana yake ni salama.

Masika ikaingia kwa kishindo mwaka huo. Siku moja nilikuja nyumbani kula cha mchana. Mama alikuwa anapakua wali, mke wangu amekaa mkekani na kompyuta yake, mara yule kijana akaingia ametota mpaka shingoni.

"Dada," alimwambia mke wangu, na salamu zake zote zikaishia hapo, "ukuta wa shangazi hauna maji."

"Hauna maji vipi?"

"Nimepita pale sasa hivi. Mvua inauteremka kama bomba lililopasuka. Halafu tazama kihisi chake kinasema nini. Kikavu. Kikavu kama Januari, na joto ni la jua la saa sita."

Mke wangu aliivuta kompyuta karibu. Vidole vyake vikaenda mbio, kisha vikasimama. "Betri," alisema. "Itazame betri. Yashuka, yashuka, kisha yarudi pale pale ilipokuwa. Betri hairudi ujana."

"Inarudia," kijana akasema.

"Yarudia," mke wangu akasema, karibu kwa pumzi moja naye.

Wakatazamana. Mimi nimesimama na sahani ya wali mkononi. Ukuta wa shangazi yangu ulikuwa mashakani, na bado kitu cha kwanza kilichonipita moyoni ni kwamba wamelipata neno lile pamoja.

"Lakini mna ufunguo wa siri," nilisema. "Mgeni hawezi kutuma."

Kijana akanigeukia. "Swali zuri, kaka."

Sifa ile ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mke wangu ndiye aliyenieleza, haraka, akivaa buibui lake. "Hakutuma cha kwake. Amezinasa jumbe zetu wenyewe za siku za jua, kabla ukuta haujaanza kusogea, na sasa azirusha upya. Ufunguo ni wa kweli kwa sababu jumbe ni za kweli. Ni kama mtu aliyeinasa sauti yako ukibisha hodi, akaja kuipiga mlangoni leo. Mlango utajuaje kama ni ya jana?"

"Na kihisi chenyewe?"

"Kama kingekuwa chasikika tungepata habari mbili zinazogombana. Kimezibwa mdomo."

Tulitoka sote watatu mvuani. Shangazi alitufungulia akiwa na kahawa mkononi, akashangaa kutuona tumelowa. Nilienda moja kwa moja kwenye ule ukuta, kwa upande wa ndani. Ufa nilioukumbuka ulipokea ukucha tu. Sasa vidole vyangu vilizama, na upepo baridi ulikuwa ukitokea upande wa pili.

"Ni kijani," shangazi alisema, akininyoshea simu yake. "Tazama, mwanangu. Ni kijani."

Sijui jinsi ya kumweleza mtu wa umri wake kuwa simu imedanganywa. Nilimwambia tu, "Shangazi, leo hulali hapa."

"Nilale wapi? Nyumba ya watu?"

"Nyumba ya nduguyo."

"Na mamako atanihesabia vijiko," alisema, kwa sababu yeye na mama yangu walikuwa na mambo yao ya tangu harusi ya baba. Lakini alikuja. Kijana wa Rabai alimbeba mkoba wake, akampa mkono wa kushikilia kwenye mawe yenye utelezi, nami nikatembea nyuma na mwavuli, nikijiambia kuwa mkono wangu mimi ndio uliopaswa kushikwa.

Asubuhi yake nilifungua duka kwa sababu palikuwa na watu wa harusi waliokuwa wameagiza leso zao tangu mwezi wa nyuma. Nilikuwa nimeinyosha doti moja ya leso mbele ya mama mmoja, namwambia rangi ile imeumbwa kwa ajili yake, wakati jirani yangu wa duka, Mhindi wa Kibohora, mtu mzima ambaye amenijua tangu nikiwa mdogo, alipochungulia.

"Sabalkheri, bwana. Nimemwona mama watoto huko Ndia Kuu na kijana mmoja. Wameshika kitu kama mfupa wa samaki, wanakielekeza huku na huku. Watu wamesimama wanaangalia. Wanatafuta nini?"

"Wanamtafuta mwongo," nilisema.

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia zaidi ya nilichosema. Niliikunja ile doti vibaya, nikamwachia mpwa wangu duka, nikatoka.

Niliwakuta kwenye kona karibu na kiwanja. Mfupa wa samaki ulikuwa antena, ya namna inayosikia vizuri upande mmoja tu. Kijana aliishika na kuigeuza, mke wangu alisoma nguvu ya sauti kwenye kompyuta aliyoifunika kwa mfuko wa plastiki. Hawakushangaa kuniona. Mke wangu alinipa mwavuli niushike juu ya kompyuta, na hiyo ikawa kazi yangu.

"Kihisi cha shangazi kingefaa kusikika dhaifu hapa," alinieleza bila kuinua macho. "Kiko nyuma ya ukuta. Lakini ujumbe unaojiita wa shangazi unafika kwa nguvu kama uko mkononi mwangu. Mwongo kasahau kunong'ona."

"Kushoto," kijana akasema.

"Zaidi."

"Hapo?"

"Umepitiliza. Rudi. Hapo."

Antena ilikuwa inatazama ukuta wa mabati wa kiwanja, kwa ndani, penye kibanda cha kuwekea simiti. Tuliita kwenye lango. Msimamizi wa kazi alitoka na kofia yake ya plastiki, mtu mpole, akasikiliza. Alisema yeye hana habari za redio, yeye anasimamia simiti na kokoto, lakini hakutuzuia kuingia. Chini ya bati la paa la kibanda, mahali pakavu, palikuwa na kisanduku kilichofungwa kwa utepe mweusi, na waya mfupi ukichungulia nje. Kutoka pale tuliuona vizuri ukuta wa shangazi. Kihisi chetu kilikuwa kimefunikwa kwa ile karatasi inayong'aa ya kufungia vyakula, tabaka juu ya tabaka, kisha kikapakwa chokaa, hata ukipita usione ila donge jeupe.

Mke wangu alilitazama donge lile kwa muda. Kijana alisema kwa ile sauti yake ya chini, "Pole, dada," naye akajibu, "Ahsante," na katika maneno hayo mawili mliingia kazi yao yote ya miezi na miezi, niliyokuwa sina fungu ndani yake. Nilishika mwavuli.

Wahandisi wa kaunti walikuja siku hiyo hiyo, wakasimamisha uchimbaji na kuuegemeza ukuta kwa miti. Polisi walikichukua kile kisanduku. Ni nani aliyekiweka haikuthibitika. Mkandarasi alisema si chake, msimamizi alisema vibarua huingia na kutoka, na mtaani kila mtu alikuwa na jina lake la kulitaja. Mimi sitaji. Ninalojua ni kwamba ukuta ungeonekana unasogea, kazi ingesimama mapema, na kuna mtu hakutaka isimame.

Miti ile haikutosha. Baada ya siku chache, asubuhi ya mvua, tulisikia mshindo kama lori linalomwaga kokoto. Pembe ya juu ya nyumba ya shangazi ilikuwa imeshuka chini, na mawe yamejaa pale alipokuwa akiweka kitanda chake. Hakuna aliyeumia. Shangazi aliletewa habari akiwa jikoni kwetu. Aliomba kahawa. Mama yangu, ambaye kweli alikuwa ameanza kuhesabu vijiko, alimmiminia mwenyewe na kukaa karibu naye mpaka adhuhuri.

Kwa majuma yaliyofuata sikumpata mke wangu. Walivishusha vihisi vyote, kimoja baada ya kingine, wakavifunza upya mezani kwetu. Kila ujumbe sasa ulipewa namba inayopanda na isiyorudi nyuma kamwe, ili wa jana ukija leo ujulikane kwa namba yake na kutupwa. Kila kihisi kikapewa kazi ya kumsikiliza jirani yake. Mvua ikinyesha kwa watano na wa sita akisema jua linawaka, watano hao wanamsema. Na ganda la kila kimoja likitiwa bisibisi na asiyehusika, ufunguo wa siri wa ndani unajifuta. Niliyajua haya yote kwa kuwa yalizungumzwa mbele ya sahani yangu. Kijana alikula nasi karibu kila siku. Mama na shangazi walishindana kumpakulia, kila mmoja akidai yeye ndiye aliyemzoea kwanza.

Siku moja alipokwisha kuondoka, nilimuuliza mke wangu, "Huyu atahamia hapa lini?"

Alikuwa anakusanya bisibisi zake. Aliziweka chini. "Sema unachotaka kusema."

"Nimesema."

"Hujasema. Waona nafanya naye uchafu?"

"La. Hasha."

"Basi wamwonea wivu wa nini?"

"Unacheka naye," nikasema. "Mnajua jambo, mnalicheka. Mimi sijakuchekesha hivyo tangu mtoto wetu wa kwanza hajaanza kutembea."

Nilitegemea atalainika. Hakulainika.

"Mimi nilipita dukani kwako zamani, wakati wa harusi ya binti wa jirani," alisema. "Ulikuwa umemnyoshea mama mmoja leso mbele ya kifua, wamwambia rangi hiyo imeumbwa kwa ajili yake. Akacheka mpaka akajishika shavu. Nilisimama ng'ambo ya barabara na kikapu changu cha sokoni Marikiti. Umeniambia mimi maneno hayo lini?"

"Ile ni kazi."

"Na hii?"

Aliendelea kukusanya vitu vyake, na kwa mara ya kwanza nilielewa kuwa miaka yote ile niliyodhani nyumba yetu imetulia, mwenzangu alikuwa anapita ng'ambo ya barabara. Nilimwambia hakuniambia. Akasema sikuuliza. Hatukugombana zaidi, wala hatukupatana pale pale. Tulikwenda kulala kila mtu na lake, na kesho yake nilimletea buibui jipya, akalitundika bila kulivaa mpaka Idi.

Masika ilipokwisha walifanya mkutano na watu wa mtaa kwenye ukumbi wa madrasa. Mke wangu alisimama mbele akawaeleza lililotokea, kwa maneno mepesi, bila kujisifu, na wazee waliuliza maswali ya maana. Alisema ile alama ya kijani isimwondolee mtu desturi ya kuutazama ukuta wake kwa macho yake. Kisha akashukuru. "Mwenzangu huyu ndiye aliyeona ukuta mkavu katikati ya mvua," alisema, akamwonyesha kijana, na watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa nyuma karibu na viatu. Nilipiga makofi nami, kwa sababu ilikuwa kweli. Kisha nilikumbuka mwavuli, nikajionea haya kuwa mtu mzima anangoja kutajwa kwa kushika mwavuli.

Mwaka uliofuata kijana alipata kazi Kwale, kwenye mradi wa maji. Alikuja kuaga na mfuko wa machungwa ya kwao. Mama alilia kidogo. Shangazi alilia zaidi, makusudi. Mke wangu hakulia, lakini kwa siku nyingi alipanda juu kwenye mtambo akakaa huko peke yake bila sauti, na nilikuta nauonea wivu hata ukimya ule, kwa kuwa nilijua ni wa nani. Niliwahi kufikiri akiondoka nitapumzika. Badala yake nyumba ilikuwa kubwa, na hapakuwa na mtu wa kunipiga msasa, wa kunifanya nijitahidi.

Sasa vihisi vyake anavipandia ngazi bila yule kijana, na mimi ndiye ninayeishika ngazi. Ijumaa baada ya sala nafunga duka mapema, tunatoka pamoja na kikapu cha betri. Nimejifunza kusoma nguvu ya sauti ya kihisi, na nimejifunza kunyamaza anapohesabu. Majuzi tulikuwa kwenye ukuta wa nyumba moja karibu na Ndia Kuu, yeye juu, mimi chini nimekumbatia ngazi.

"Yatikisika," alisema.

"Nimeishika."

"Yeye alikuwa akiishika chini zaidi, kwenye kipandio cha pili."

Niliinama, nikaiteremsha mikono yangu mpaka kwenye kipandio cha pili, na kweli ngazi ikatulia.